Nakala Tatu za Tundu

Mtwara, viwanja vya Mashujaa, siku ya pili ya maonyesho.
Nimevaa fulana ya kampuni, imenibana kwapani,
nimesimama kando ya kabati jeusi lenye kimo cha mlango
na diski tisini na sita ndani yake, kila moja na kijitaa chake.
Linavuma. Tangu asubuhi linavuma
kama mtu aliyekatazwa kusema.

Nina maneno niliyokaririshwa:
petabaiti moja, waungwana, petabaiti moja na ushei;
mafaili laki tatu kabla hujamaliza kupiga chafya.
Wanafunzi wa ufundi wanapiga picha.
Afisa mmoja anauliza bei, anatajiwa, anaomba kalamu ya bure.
Mtoto anauliza kama ndani mna barafu.

Kisha kile kipande ninachokipenda:
nang'oa diski moja, kabati likiwa kazini,
naiinua juu kama jino.
Hakuna kilichosimama! Video ya korosho zinazobanguliwa
inaendelea kwenye kioo, haikukwama hata kidogo.
Makofi. Nimeyazoea.

Nyuma ya makofi, mwanamke na kiroba cha salfa kilichofuliwa.
Somoe Namkulala, karani wa chama cha msingi,
kaja na basi la alfajiri kutoka Kitangari.
"Hiyo uliyoing'oa," ananiuliza, "imesahau nini?"
Haijasahau kitu, mama. Zilizobaki zinakumbuka kwa niaba yake.
Kila faili lina nakala tatu, mahali patatu.
"Kwetu ilikuwa moja," anasema, na anafungua kiroba.

Daftari la mizani, msimu wa tisini na nane,
limefungwa kwa kamba ya katani.
Linanuka ghala: vumbi, mafuta ya maganda, panya.
Majina kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtu asiye na haraka.
Chilumba, gunia nne.
Nampota, gunia mbili na debe.
Bibi Mwanahawa, kilo kumi na moja, kalipwa nusu.
Na katikati ya ukurasa wa thelathini, tundu,
upana wa kiganja cha mtoto, kingo zake udongo.

"Weka hili. Niione hiyo kasi."

Naweka. Mwanga wa skana unapita. Sekunde haijatimia,
na kwenye kioo linatokea, kubwa kuliko kabati lenyewe,
safi, kila uzi wa karatasi unahesabika,
tundu.
Limekwisha kuhifadhiwa. Diski ya saba, ya arobaini, ya themanini na moja:
nakala tatu za tundu.
Halitapotea kwa moto wala kwa mafuriko
wala umeme ukikatika usiku kucha.

Hakuna aliyepiga makofi.
Nje ya turubai muuza ming'oko anabishana na mtu juu ya chenji.
Nilikuwa na jibu, limo kwenye kipeperushi,
ukurasa wa nne, herufi nene.
Sikulisoma.

"Walikuwa watatu hapa." Anagusa kioo, alama ya kidole inabaki.
"Mmoja namjua. Wa pili namdhania.
Wa tatu alikuja mara moja tu, na baiskeli, akapima, akaondoka,
na hela yake chama bado kinadaiwa."

Nikavuta kibodi.
La kwanza akalitaja, nikaandika.
La pili akalitaja polepole, nikaweka alama ya kuuliza.
La tatu, nafasi ikabaki wazi, kishale kinapepesa,
kinapepesa, na kabati lote na petabaiti zake na ushei
linamsubiri mwanamke mmoja akumbuke.

Hakukumbuka.
Chini kabisa kuna kisanduku: sababu ya upotevu.
"Andika mchwa," akasema Somoe, anafunga kamba yake,
"halafu andika uzito. Uzito ninao.
Kilo sitini na mbili. Kavu."