Pancha Njia ya Awabi

Saa kumi na moja alfajiri naitolea mlango wa nyuma,
nimeishika kengele kwa kiganja
isije ikamwamsha Zamzam, aliyekohoa usiku kucha.
Daktari alisema sukari.
Wenzangu walinunua vidonge; mimi nikaongeza na magurudumu.

Pale kona, muuza chai amefungua bati moja tu.
Ananipungia kitambaa. Hajawahi kuniuliza kitu.

Kisha lami, nyembamba, imelala chini ya mlima
na mlima una rangi ya birika lililoungua.
Kulia ukuta wa udongo, nyuma yake mitende.
Mtu asiyeonekana anazibua falaji, ni zamu yake;
nasikia jembe likigonga jiwe,
maji yakikata kona,
halafu sisikii ila mnyororo wangu.

Kupanda, nahesabu kwa Kiswahili.
Moja, mbili, tatu, pumzi.
Sauti ni ya mama. Alinifunza kwa vifungo vya kanzu za watu,
hapahapa Nakhal, chumba cha uani,
mwaka alioshuka ndege na cherehani ya miguu
na lafudhi ya Wete ambayo majirani waliicheka
mpaka walipotaka kushonewa nguo za Idi.
Miaka thelathini alikanyaga,
asisogee hata dhiraa moja.

Kushuka, nahesabu kwa Kiarabu.
Kushuka hakuhitaji mama.

Bondeni zimesimama nguzo nyekundu na nyeupe
zinazopima mafuriko. Leo zinapima vumbi.
Hapo ndipo mwiba wa mgunga uliponingoja.
Fyuu.
Pampu? Ndani ya gari la mwanangu, Maskati.

Nilikaa juu ya jiwe kama mdaiwa.
Jua likauvuka mlima, likanikuta vilevile.
Ndipo kikaja kilima cha majani mabichi, kinakuja chenyewe,
chini yake magurudumu mawili ya chuma,
juu yake Shafiqul, kibarua wa shamba la Bin Saif,
kofia ya sufi kichwani, na joto lote hili.

Hakusema neno. Aliuchomoa mpira,
akaupeleka falajini, akauzamisha kipande kwa kipande
kama anayemwogesha mtoto mgonjwa,
mpaka tundu likatoa mapovu.
Akakwaruza kwa kijiwe. Kiraka alikikata kwenye mpira mkuukuu
aliokuwa ameufunga kiunoni badala ya mkanda.

«Waenda wapi?» Kiarabu chake kina mashimo, changu kina viraka.
«Siendi popote. Naenda, halafu narudi.»
«Nani anakulipa?»
«Hakuna.»
Akacheka hadi majani yakamwagika.
Akainyanyua baiskeli yangu kwa vidole viwili,
akaizungusha, akaitafuta kitu nyuma.
«Haina karia,» akasema,
kwa huruma, kama mtu anayekuambia
mwanao amezaliwa bila sikio.

Pesa alizikataa. Nikaziweka juu ya majani, akazirudisha mfukoni mwangu.
Alichokitaka ni taa ile ndogo, nyekundu, inayokonyeza:
malori ya kokoto hupita usiku, alisema,
na dereva haoni majani, haoni mtu.
Aliyetangulia kuifanya kazi hii alikuwa Monir.
Hakuongeza. Alipapasa spoku, moja baada ya moja.
Niliifungua taa. Vidole vyangu vilitetemeka kidogo.

Akatangulia yeye.
Mimi nina gia ishirini na mbili, nisingeweza kumpita;
ningempita niende wapi?
Nikamfuata polepole kandokando ya ukuta,
ile nukta nyekundu ikiwaka na kuzimika
chini ya mzigo, mchana kweupe,
maana alikataa kuizima.

Njia ilikuwa tambarare, hata kijilima hakikuwapo.
Nikajisikia nahesabu:
moja,
mbili.