Sarufi ya Lisheya

Lugha zote tulizozijua zilianza kwa mlango uleule:
Kiswahili, Kigiriama, Kiarabu, Kigujarati cha duka la nguo.
Ndugu yangu Twahir hakuweza kuufungua.
K ilimkwama kooni kama mwiba wa changu,
na ukoo mzima ukamletea tonge kavu la ushauri:
aweke kokoto mdomoni, asome kwa sauti, apigwe kidogo.

Basi tukaunda ya kwetu, isiyo na Ki.
Tukaiita Lisheya.
Mimi miaka tisa, yeye kumi na mmoja,
darini Kibokoni, juu ya karakana ya baba, fundi wa mizani,
kwenye daftari la mraba
alimokuwa akiandika ratili za watu.

Kwanza sauti. Tulizifukuza zote zinazobana:
p na b, midomo ikifungwa kama duka saa ya Ijumaa;
t na d, ulimi ukigonga ukuta;
k, g, ch, j. Nje!
Zikabaki zinazopita bila kubisha hodi,
sa, sha, la, ya, wa, va,
na m, ambayo Twahir angeweza kuivuta hadi alfajiri.
Bibi alitusikiliza ngazini, akadhani tunapepeta mchele.

Herufi ya kumi na nne ilikuwa kimya.
Tuliiandika kiduara, kama tundu la kifungo.
Si mkato, si kituo. Herufi, na ina haki yake.
Kwetu Mvita p ya paa la nyumba si p ya paa wa mwituni;
huyu wa mwituni ana pumzi.
Ikiwa pumzi yaweza kugeuza nyumba kuwa mnyama,
Twahir aliniandikia,
kukosa pumzi nako kuna maana.
Sola ni dirisha.
So, kiduara, la:
dirisha ambalo mtu amesimama nyuma yake.

Ngeli zilikuwa tatu.
Ya vinavyokungoja: ngazi, maji ya birika, paka, mimi.
Ya visivyongoja: kengele ya shule, feri ya Likoni, muuza duka.
Ya tatu, wanaokumalizia neno kabla hujalifikia.
Humo tulimtia Mwalimu Mbaruku na ami zetu wote.
Mama tulimtia Jumatatu, tukamtoa Alhamisi.

Jina lake lenyewe lilianza kwa ukuta.
Tukaubomoa, akawa Wahi.
Yeye, mchelewaji wa kila neno, kuitwa Wahi!
Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi,
neno lenye k mbili, alilolifanya bila kulisema.

Wingi ulikuwa kazi yake peke yake.
Hakuna wa-, hakuna mi-, hakuna ma-.
Unarudia silabi ya kwanza ya mzizi.
Sola, dirisha. Sosola, madirisha.
Mara tatu, ni mengi. Mara tano, huna hesabu yake.
Na mtu akikwama, je? nikamwuliza.
Akajibu kwa Lisheya, bila kusita:
hakuna kukwama, kuna wingi.

Mchwa wamekula daftari, imebaki ngeli ya kwanza.

Usiku wa ndoa yake, baada ya Isha,
kipaza sauti cha msikiti kilitufikia wanawake uani.
Visahani vya halua vikasimama mikononi.
Kadhi akasoma, akangoja.
"Nime," alisema Twahir,
kisha herufi ya kumi na nne, ndefu,
kisha ku, ku,
ku,
ku, ku.
Msichana mmoja akaziba kicheko kwa leso.
Shangazi Mwanahalima akakiinamia kipaza sauti,
"bali, mwanangu, sema bali,"
na papo hapo nikamtia ngeli ya tatu.
Raihana, hina yake haijakauka, aliniangalia mimi,
si kipaza sauti.

Neno likatoka. Vigelegele vikalifunika.
Mimi nilikuwa nimeshahesabu: ku tano.
Nikamwinamia bi arusi sikioni
nikamfunza kanuni yake ya kwanza.