Mtu Mmoja wa Kumsindikiza

Karatasi ilimruhusu mtu mmoja wa kumsindikiza.
Akanichagua mimi, mpishi wa bwalo,
niliyewapakulia wote wawili kwa upawa mmoja
miaka mitatu, yeye na yule kapteni,
nisione kitu juu ya sahani zao
ila mvuke.

Kilometa arobaini za tambarare ya Manitoba,
theluji barabarani kama unga
uliomwagwa na mtu asiyeununua.
Odile anaendesha. Hataki nimpokee usukani.
Gari hili analijua, aliifungua injini yake Oktoba,
na nadhani siku hiyo alitaka
kitu kimoja kimtii.

"Nisomee hizo haki zangu," akasema.
Nikasoma: kujulishwa. Kulindwa.
Kushauriwa. Kusikilizwa. Kufidiwa.
"Umeona? Kila neno lina mtu mwingine ndani yake.
Huyo akilala, na haki yangu imelala."
Kweli. Kikao cha kwanza kilikuwa Jumatatu;
alijulishwa Jumanne.

Luteni Bhangu, afisa aliyepewa kuwa kiungo chake,
kijana mpole, kalamu mbili mfukoni,
aliomba radhi mara nne.
Barua ilipitia ofisi ya kikosi, alisema.
Ofisi ya kikosi, hakusema,
ina meza moja tu, na mezani hapo
huketi shemeji wa kapteni.

Zimwi likujualo, husema watu, halikuli likakwisha.
Labda.
Lilibakisha mtu wa kutengeneza malori.

Mahakama ilikuwa chumba cha mafunzo.
Ukutani walisahau mchoro
wa namna ya kufunga jeraha: bonyeza, inua, usiachie.
Kapteni Kostiuk akaingia, buti zinang'aa,
na magoti ya Odile yakasimama.
Si yeye. Magoti.
Miaka sita yamefunzwa: cheo kikiingia, inuka.
Chumba kizima kikamwona
akimpa heshima aliyemvunjia heshima,
na hakuna aliyeandika.

Wakili wa utetezi aliandika.
"Asubuhi iliyofuata, Koplo Arsenault, ulimpigia saluti?"
"Nilipiga."
"Mkono ulitetemeka?"
"Hapana, bwana."
"Basi."
Hiyo basi ilikaa kati yetu
kama mgeni asiyeaga.

Mchana hakimu, mwanamke mwenye mafua,
akapenga kamasi, akasema mwathiriwa sasa atasikilizwa.
Odile akakunjua maelezo yake, kurasa mbili.
Mistari mitatu ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu:
haihusiani na shtaka.
Akasoma vizuri, sauti ya gwaride,
na alipofika penye wino akanyamaza
kwa urefu wa mstari mzima.
Akaendelea. Akanyamaza tena.
Kazi yangu ni kupima muda bila saa.
Kimya cha tatu kingeivisha yai.
Hakimu hakumharakisha. Nalitaja hili
kwa sababu siku ile nilihesabu kila jema,
na vidole vilibaki.

Hukumu: cheo kishuke ngazi moja, na faini.
Ile ya kufidiwa, Luteni Bhangu alisema,
ina fomu yake.

Kapteni, luteni sasa, akapita mbele ya benchi letu.
Nikayatazama magoti. Yalitikisika.
Nikaweka mkono wangu juu yake, kuyashikilia chini.
Odile akautoa, taratibu,
kama mtu aondoaye kikombe cha mwenzake
mahali pake pa kazi.
"Usiyashike," akasema. "Yatajifunza yenyewe."

Njiani hatukuzungumza. Mara moja tu alisimama
kumpisha kulungu, akazima taa asimtishe.

Asubuhi kulikuwa na supu ya dengu.
Foleni ikasogea, nikapakua, nikapakua,
mpaka nikaona bega ninalolijua likiwa jepesi zaidi.
Mpishi hana haki ya kuuliza, wala ya kunyima chakula.
Nikamjazia bakuli.
Lakini sikumwachia.
Nililishika ukingoni, tukiwa tumelishika sote wawili,
nikamtazama usoni
mpaka mvuke ukaisha.