Baiskeli Isiyo na Matundu

Aliyeiunda hakuwaza mvua.
Fremu nyembamba kama mfupa wa kuku,
bluu iliyobabuka shingoni,
na popote unapopapasa kwa kidole,
kwenye foki, kwenye ekseli, chini ya kiti,
hakuna tundu, hakuna sikio la kupokea nati.
Chuma kimefunga mdomo.

Nami naishi Ghent, ambako Novemba
haihesabiwi kwa siku bali kwa soksi.
Saa tisa usiku naenda kwenye tanuri la mikate
juu ya barabara ya mawe yaliyolowa,
na gurudumu la nyuma hunichora mstari
toka kiunoni hadi kisogoni,
mweusi, umenyooka kama mshono.
Wannes wa zamu ya unga hunigeuza, akacheka:
"Leo umepitia chini ya reli. Naona masizi."
Anausoma mgongo wangu kama gazeti.

Fundi wa kona aliitazama mara moja.
"Hii ni ya mashindano, mama. Ya Julai.
Nunua nyingine."
Nikamuuliza bei ya nyingine.
Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Alinipa baba mkwe, Odilon,
goti lake la kushoto lilipokataa ngazi.
Sharti lilikuwa moja: nisiitoboe.
"Ukitoboa bomba hilo, umenitoboa goti la pili."

Basi Jumapili, bandani, nimepiga magoti
na madigadi meusi ya plastiki
niliyoyavua kwenye baiskeli ya posta iliyokufa.
Nimekata tyubu kuukuu vipande vya vidole vinne,
nikaivisha foki soksi za mpira
ili bano la bati lisikwaruze rangi.
Juu, penye breki, tairi na chuma vinapumuliana.
Hapo madigadi hayapiti hata uyabembeleze.
Nikachukua msumeno, nikayakata:
nusu mbele ya foki, nusu nyuma,
katikati pengo, kama jino lililong'oka.
Penye nia pana njia, sawa,
lakini njia yenyewe ilikuwa milimita nne.

Kamba za plastiki, kumi na moja.
Ya kwanza ilikatika.
Ya tano niliifunga pamoja na waya wa breki,
nikabaki na baiskeli isiyojua kusimama.
Nilitukana kwa lahaja ya kwetu Ostend
ambayo nyumba hii haina mkalimani wake.

Odilon alikuwa mlangoni na fimbo,
kahawa inapoa mkononi.
Miaka yote amesema madigadi ni sketi,
ni ya mapadri na wapeleka barua.
Nilingoja aseme tena.
"Nyuma panalegea," alisema.
"Plastiki itavunjika baridi ikija."
Akaingia ndani, akakawia,
akarudi na mikanda miwili ya ngozi,
ile iliyofunga viatu vyake kwenye pedali
misimu kumi na minne.
Imekakamaa. Bado ina chumvi.

Hakuwahi kushinda, Odilon. Hilo nilijua.
Kazi yake ilikuwa kumfuata mwingine,
kumletea maji, kumpa gurudumu lake likipasuka.
Hili hakuwahi kulisema:
"Siku ya mvua unakula anachotema aliye mbele.
Mchanga, mafuta, mavi ya ng'ombe.
Unafunga mdomo, unapumua kwa pembeni.
Jioni unatapika kwenye shamba la watu."
Akaukaza mkanda kwenye bomba, tundu la tatu,
vidole vyake vikasahau kutetemeka.
"Haya ya nyuma, ukiyashusha kidogo,
si yako tena. Ni ya anayekufuata."

Tukakata chupa ya sabuni ya vyombo,
tukaining'iniza mwishoni, ikakaribia lami.

Jumatatu ilinyesha kama kawaida.
Darajani kijana asiye na taa
alinijia nyuma, karibu mno,
mdomo wazi, akipiga mluzi.

Wannes alinigeuza.
"Leo hakuna habari," alisema, kidogo amenuna.

Kuhusu mluzi sikumwambia Odilon.
Nilimwambia mbele panagonga, tik, tik,
kila mzunguko.
Akaomba spana.