Zamu ya Mia Mbili na Tisa

Malaba, upande wetu, malori yamelala
mstari mmoja hadi kwenye mizani,
na chumba changu cha michezo, mabati na feni moja,
hutoza shilingi elfu moja kwa saa.

Mugoya aliingia na vumbi la simenti kwenye kope.
Hakutaka mpira. Vijana walicheka.
Alitaka ule mchezo ambao hakuna aliyeugusa,
wa Kaizari Virasena,
mfuasi wa Buddha wa karne zile za mikuki,
aliyenyoa kichwa lakini akabaki na taji.

Siku ya kwanza karatasi zake hazikugongwa muhuri.
Akachimba mabwawa.
Siku ya pili mtandao wa forodha ulianguka.
Akajenga mahekalu manane, akapunguza kodi ya mpunga,
akawaachia mateka wa vita vya baba yake
warudi kwao na ng'ombe wao.

"Unapoteza," Emojong alimwambia, mdomo umejaa muwa.
"Bila mikoa arobaini humalizi kampeni."
"Nina haraka gani?" akasema Mugoya,
akaelekeza kidevu dirishani,
kwenye lori lake, la themanini na tatu katika foleni.

Kaskazini ya kioo wapanda farasi walijikusanya
kama kumbikumbi wa mvua ya Aprili.
Mshauri wa kaizari, kijisanduku chenye ndevu pembeni,
kila zamu alirudia neno lile lile: Ongeza jeshi.
Kila zamu Mugoya alituma watawa sita,
miguu peku, bakuli mkononi,
wavuke mto wakazungumze.
Wakauawa.
Akatuma sita.
Wakauawa.
Akatuma sita.
Mara ya nne alinyamaza
vile mtu anavyonyamaza akikaribia nyumba yenye matanga,
nami nikaacha kuhesabu chenji.

"Mzee, huoni wanakufa bure?"
Hakugeuka.
"Mimi niliwahi kuwa upande wa farasi," alisema,
na hakuna aliyemuuliza
farasi gani, mto gani, mwaka gani.
Hata Emojong alitema makapi polepole.

Muhuri ulikuja usiku wa manane, kama mgeni asiye na adabu.
Akalipa saa zake zote na nusu moja ya ziada.
"Usifute," alisema, na honi ikapigwa nyuma yake.
Faili ameiita SUBIRI.

Miezi minane.
Madereva wananiambia siku hizi anapitia Mutukula.
Mwingine anasema ameacha lori, anauza maharage Budaka.
Kompyuta imejaa, vijana wanadai mpira mpya,
nami nimefuta hesabu za mwaka juzi,
nimefuta picha za harusi yangu
(mke wangu hajui; zile za keki nimeziacha),
SUBIRI bado ipo.

Jana, umeme uliporudi saa nane usiku,
nikaifungua.
Zamu ya mia mbili na tisa.
Ghala la mji mkuu lina mchele wa zamu mbili.
Na pale ukingoni mwa mto, watawa sita:
amri walishapewa, zamu haikumalizwa,
kwa hiyo wamesimama hivyo hivyo, kila mmoja
mguu mmoja hewani,
tangu Mugoya aliponyanyuka kwenye kiti hiki.

Ongeza jeshi, akasema kijisanduku.
Nje injini moja ikakohoa, ikafuata nyingine,
foleni ikasogea urefu wa lori moja, ikazima.
Kidole changu kilikuwa juu ya Maliza Zamu.
Nilikaa nacho hapo mpaka kikachoka.

Kisha nikatoa mchele kidogo kwenye lile ghala,
nikatengeneza mtawa wa saba,
nikamweka nyuma kabisa, karibu na kichaka,
maana mimi si jasiri.
Nikahifadhi.

Asubuhi Emojong akaangalia, akahesabu, akahesabu tena.
"Nani amegusa mchezo wa mzee?"
"Panya," nikamjibu,
nikaenda kuwasha feni.