Sikio la Radovan

Novemba, Moravia. Uwanja wetu wa nyasi umeganda,
nami jikoni nimezitandikia injini mbili gazeti la jana
kama wagonjwa wa kitanda kimoja.

Hii ndogo, ya mipigo miwili, ni ya kaka yangu Radovan.
Haina vali, haina kamshafti, haina siri:
pistoni, silinda, matundu ubavuni, basi.
Inakunywa, inateketeza, inatema, kwa pumzi ileile.
Imevaa masizi ya mafuta ya mbarika,
kahawia kama sukari iliyoungua,
nami naichemsha polepole kwa dawa ya rejeta
katika sufuria niliyopikia kabichi mpaka mwaka juzi.
Sufuria hiyo hairudi tena kwenye chakula.
Nalisema hili kwa ajili ya wajukuu.

Hii ya pili, ya mipigo minne, ilikuwa ya Ctibor, mume wangu.
Hii haitaki pupa.
Unaifungua kofia ikiwa baridi kabisa, unazungusha propela
mpaka pistoni ifike kileleni na vali zote mbili zifumbe,
kisha unapenyeza bamba jembamba chini ya roka.
Likipita bila kugusa, pamelegea. Likigoma, pamebana.
Likipita kwa kukwaruza kidogo,
kama barua inayosukumwa chini ya mlango,
kaza nati, usiguse tena.
Hapo ndipo Ctibor alipokuwa akishusha pumzi.
Nami nashusha.

Miaka thelathini na mmoja walizozana, shemeji kwa shemeji.
"Yako ni saa ya ukutani," Radovan akisema,
"unaitengeneza kuliko unavyoirusha."
"Yako ni nyigu ndani ya kopo," Ctibor akijibu,
"majirani wanakuombea kifo."
Na kweli, mzee Bezděk wa shamba la pili
alitujia mara mbili na uma wa majani makavu.
Mimi, fundi wa tramu,
niliyeshika spana kabla yao wote wawili,
hakuna aliyeniuliza.

Ningeulizwa, ningesema kutu haina upande.
Methanoli huvuta unyevu kama chumvi,
na mabaki yake yakilala tumboni hula beringi usiku kucha.
Ukishatua, kata mafuta,
acha injini inywe tone la mwisho, izimike yenyewe,
kisha itilie mafuta mepesi, izungushe kwa mkono.
Ile ya minne itilie pia kupitia kipumulio cha mgongoni,
maana uchafu wake hujificha chini, kama mwenyewe,
ambaye hakusema hata siku moja anaumwa wapi.

Septemba mwaka jana alianguka pale pale uwanjani,
rimoti shingoni, ndege yake nyasini, ingali ya moto.
Wiki ile nani angekumbuka mafuta?
Leo nimeikuta beringi ya nyuma nyekundu.
Nimeiagiza nyingine. Nimeifuta nyumba yake kwa kitambaa,
muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Aprili. Radovan amekuja na vidole visivyokunjika,
nikamwashia yake mimi.
Ikalia ile sauti ya kupasua kioo.
Akainama, akageuza sikio, akageuza la pili,
akaishika sindano ya kabureta, akasita.
Kelele anazisikia; zinasema nini, hajui tena:
mafuta yamezidi, au yamepungua, au injini inaungua.
"Nifungue au nifunge?" akaniuliza,
yeye, ambaye Jumapili zote zile
aliisikia kasoro akiwa bado barabarani.
Nikafungua robo ya mzunguko. Hatukuongea.

Kisha nikaiwasha ya Ctibor.
Iligoma, ikapiga kinyume, ikarusha nati ya propela
mpaka kwenye buti la Bezděk mdogo,
halafu ikakubali: nzito, ya kifuani,
kama mtu anayeguna akivua viatu.
Nikanyoosha mkono kwenye sindano.

Radovan alikuwa amefumba macho.
"Iache," akasema. "Iko sawa.
Hivyo hivyo ndivyo alivyoiweka."