Lete Jani

Juni, Uwemba. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
na Edgari Ngimbudzi anashusha kuni kwenye pawatila,
elfu arobaini mzigo, hapunguzi.
Nazipanga ukutani huku nikizitaja, mazoea tu:
mwati, mwati, mkaratusi, msindano wenye utomvu, mwati,

halafu hili.

Fupi, zito kama mtoto anayejifanya amelala.
Gome jeusi, limepasuka kama visigino vya mama yangu.
Shoka likadunda. Mara ya tatu likaingia,
na ndani palikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa motoni,
pembeni njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji.

Miaka ishirini na minane nimepima mbao kiwandani.
Vijana walikuwa wakinifunga macho kwa kitambaa,
wananisogezea vumbi la msumeno puani, nasema: mninga.
Nasema: mkongo, tena wa bondeni. Wanalipa soda.
Hili nililinusa hadi pua ikachoka.
Pilipili manga. Kisha ngozi mbichi. Kisha shuka za hospitali.
Nikalamba. Chungu. Nikatema, nikalamba tena.
Nikalichonga kichwani kwa kisu, nikalilowesha mate,
nikaazima kwa mjukuu kioo cha kukuzia cha shuleni:
vitundu viwili viwili, vitatu vitatu,
kama watu wanaorudi kutoka mazikoni.

Wahenga walisema mti hujulikana kwa tunda lake.
Gogo je? Hapo walinyamaza, wakaenda kula.

Nikalipeleka mjini kwa bwana misitu
likiwa limefungwa kanga ya Emeresiana.
Kijana mpole, wa miwani. Akaligeuza, akaligonga kwa kalamu.
"Lete jani," akasema. "Lete ua, hata lililokauka.
Hapa mzee unaniletea mfupa,
unaniuliza jina la marehemu."

Nyumbani mke wangu hakuacha kuchambua maharage.
"Jina? Likishaingia jikoni jina lake ni kuni."
Na kweli, mawili mengine ya aina ile alikwishayachoma;
maharage yaliiva kabla redio haijamaliza taarifa ya habari,
na asubuhi majivu yalikuwa meupe, mepesi,
chini yake kaa moja
bado likinitazama.

Jumamosi nikamfuata Edgari bondeni, shamba la babu yake.
Miche ya parachichi mia mbili, kila mmoja na kibandiko shingoni:
Hasi. Hasi. Hasi. Hasi.
Katikati, kisiki.
"Ulikuwa mmoja tu," akasema. "Ulikuwa unainyima miche jua.
Babu alikuwa akiuita..." Akakuna kichwa.
Akatazama juu, pale matawi yalipokuwa.
"Alikuwa akiuita ule mti."

Nikapiga magoti, nikahesabu miduara kwa ncha ya kisu,
kutoka nje kwenda ndani.
Miti ya kwetu hudanganya umri, hilo nalijua,
lakini nilifika sabini na moja, mwaka niliozaliwa,
na kisu bado kilikuwa jirani na gome.

Chipukizi sikuliona. Wala jani, hata la kuoza.
Nimemwomba Edgari asipige jembe hatua tatu kuzunguka kisiki
mpaka mvua za Novemba zipite. Amekubali, kwa elfu kumi,
na akanihurumia kwa macho
jinsi tunavyowahurumia wazee waliopoteza kitu
wakasahau ni kitu gani.

Gogo nimelilaza chini ya kitanda.
Usiku Emeresiana akijikwaa hulifokea: "Wewe!"
Nami gizani nasubiri, kama mjinga,
liitike.